Sahani Moja

Naambiwa hasira hasara. Shangazi ananiambia, majirani wananiambia, na mama mwenyewe ananiambia, yeye ambaye kwa ajili yake ndiyo nimekasirika. Sawa, nimesikia. Lakini nikisubiri hasira ipoe ndipo nisimulie, nitaisimulia vizuri mno, na mambo haya hayastahili kusimuliwa vizuri.

Baba yangu ni fundi wa mapaa. Nusu ya nyumba za mtaani kwetu amezipaua yeye, na mtaa mzima unamwita Fundi. Akiwa juu ya nyumba huibana misumari midomoni, anautoa mmoja, anaugonga, anaitukana mbao, anautoa mwingine. Niliwahi kumwona amekanyaga msumari ukazama unyayoni. Aliuchomoa kwa koleo, akamwagia kidonda mafuta ya taa, akapanda ngazi kumalizia kazi. Mimi nimerithi mdomo wake. Nafundisha udereva, na wanafunzi wangu husema ni heri kugonga nguzo kuliko kumkasirisha mwalimu. Mume niliyekuwa naye alisema maneno ya namna hiyohiyo siku aliyoniacha, nikarudi kwa wazazi na sanduku langu, na ndiyo maana mambo haya yote niliyaona kwa macho yangu.

Mwaka juzi baba alilazwa kwa homa kali, hana nguvu hata ya kufukuza nzi. Katika kupimwapimwa ikaonekana ana sukari. Alipopona, daktari wa kliniki akamwandikia vidonge, akampa na kijimashine cha kupimia nyumbani. Unajitoboa ncha ya kidole, unatoa tone la damu, unaligusisha kwenye kijiti chake, namba inatokea. Mashine inazitunza namba zote. Siku ya kliniki mgonjwa anakwenda nayo, daktari anabonyeza, anasoma, anapanga dawa.

Basi kila asubuhi kabla ya chai baba aliingia chumbani na mashine yake, mama akamfuata, mlango ukafungwa. Haukupita muda baba akatoka kifua mbele akitangaza namba kwa sauti ya msomaji wa taarifa ya habari. "Sita nukta nane!" Mama akatoka nyuma yake, mikono ameificha ndani ya mtandio, akaenda jikoni kuchemsha maji. Sisi tuliona ni mapenzi. Mke anamsaidia mumewe kujipima, nani angeuliza zaidi?

Na mapenzi yao yalikuwa na sifa mtaani. Baba na mama wanakula sahani moja tangu waoane. Hata wageni wakija, hata kukiwa na sherehe, mama huleta sahani kubwa ya bati yenye maua ya bluu, wanakaa kitako kila mmoja upande wake, wanakula. Wake wa jirani waliwasema waume zao kwa mfano huo. Mimi nilipoachika shangazi alinionyesha sahani ile kwa kidole na kuniambia, "Ungejifunza hapa usingerudi na sanduku."

Lakini mtu angetazama vizuri, angeona mkono wa mama. Nyama ikiwekwa katikati, mama anaichambua kwa vidole, anaitoa mfupa, anaisukuma upande wa baba. Samaki vivyo hivyo, yai vivyo hivyo. Yeye anabaki na wali wa pembeni na mchuzi. "Mimi nyama sina hamu nayo," alitwambia tangu tukiwa wadogo, nasi tukalichukua hilo kama tulivyochukua kwamba jua linatoka asubuhi.

Baada ya miezi kadhaa namba zikaanza kupanda. Nane. Tisa na nusu. Kumi na moja. Baba anatangaza, lakini kifua kimerudi ndani. Kliniki daktari anabonyeza mashine, anatikisa kichwa, anaongeza vidonge. Kila mara anampa na fomu ya kwenda maabara kutolewa damu kamili, na kila mara baba anaikunja, anaitia mfukoni, anasema foleni ilikuwa ndefu. Daktari naye, mwenye wagonjwa wamejaa hadi mlangoni, anaridhika na mashine. Na yeye nina lake la kumwambia, siku yake itafika.

Nyumbani lawama zikamwangukia mama. Shangazi, dada yake baba, alikuja akafunua masufuria bila hata kukaa.

"Wifi, unamlisha nini kaka yangu?"

"Namlisha anachokula siku zote, wifi."

"Ndicho kinachomuua!"

Mama akapunguza mafuta. Akaondoa sukari kwenye chai. Akampikia baba mboga za majani na maharage bila chumvi, huku wali uliobaki akiumaliza yeye, maana chakula hakitupwi. Namba zikazidi kupanda, kumi na mbili, kumi na nne. Naye mama mwenyewe alikuwa anapungua. Anakunywa maji mtungi mzima. Anapanda ngazi tatu za mlangoni anatweta. Akichambua mchele anautafuna mbichi, karara, karara, ukimsema anacheka kama mtoto aliyefumaniwa. Uzi ulimshinda kuingia kwenye tundu la sindano, akaniita nimtungie, halafu akaniita tena kesho yake. Nikamwambia akapime macho. "Uzee huu, mwanangu," akasema. "Tumwangalie kwanza baba yako."

Kisha daktari akamwambia baba maneno haya mbele yangu: "Mzee, vidonge naona vinashindwa. Ikiendelea hivi tutaanza sindano za insulini, kila siku." Niliona baba amekuwa wa rangi ya majivu. Nikadhani anaogopa ugonjwa. Tangu siku hiyo akawa anameza vidonge zaidi ya alivyoandikiwa, kimoja cha kujihami.

Asubuhi aliyoanguka tulikuwa tunakunywa chai. Alianza kutoka jasho kwenye paji la uso, shati likalowa. Akaigombeza birika. Akaniita kwa jina la marehemu mama yake. Kisha kikombe kikamponyoka, naye akafuata. Mimi na mama tulimburuta hadi kwenye gari la shule ya udereva, lile lenye breki mbili na bango la mwanafunzi juu ya paa, na njia nzima magari yalinikwepa kama mwenye ukoma. Ni siku moja tu katika maisha yangu bango lile limenifaa.

Hospitali, daktari wa zamu alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa miguu. Alimpima baba hapohapo kitandani.

"Moja nukta tisa," akasema. "Sukari imekwisha mwilini! Huyu anameza nini?"

Wakamtundikia dripu ya sukari, na kwa kuwa alikuwa hajitambui wakamchukua damu ya kutosha ya kupeleka maabara. Baba alirudiwa na fahamu kidogo kidogo, akauliza nani amemvua viatu. Mama alikuwa amekaa pembeni ya kitanda. Mimi nilimpa daktari ile mashine.

Aliibonyeza akisoma namba za nyuma. Kumi na nne, kumi na tatu, kumi na tano. Majibu ya maabara yalipoletwa akayaweka kando ya mashine, akayatazama kwa zamu, kama mtu aliyepewa funguo mbili za mlango mmoja.

"Kuna kipimo kinaonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu," akanieleza. "Hakijali jana ulikula nini. Cha baba yako ni tano na nusu, chini hata ya mtu anayetumia dawa vizuri. Mwenye namba hizi za kwenye mashine angekuwa na kumi na kuendelea. Kwa hiyo ama mashine ni mbovu, au kuna jambo. Nesi, mpime tena kidoleni kwa mashine yake mwenyewe, tulinganishe na ya kwetu."

Nesi akafungua kisindano, kile kidogo, kisichozidi punje ya mchele. Akamshika baba kidole. Baba akakiona.

Sijawahi kusikia sauti ile ikitoka kwa baba yangu. Aliuvuta mkono akausukumia chini ya shuka, akarudi nyuma mpaka chuma cha kitanda kikalia, macho yamemtoka. "Sitaki! Mwiteni mke wangu! Yeye ndiye anayetoa!"

Nesi akabaki na kisindano mkononi.

"Anayetoa nini, mzee?" daktari akauliza.

Baba akageukia ukutani. Daktari akamgeukia mama. Mama akaiingiza mikono ndani ya mtandio, pale pale ilipokuwa kila asubuhi, na mimi nikajua. Nilimfuata, nikaitoa mikono yake kwa nguvu, Mungu anisamehe, nikaigeuza viganja juu. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimejaa vitone vyeusi, zimekakamaa, zimechubuka, kimoja kimevimba usaha pembeni ya ukucha. Hakuna kidole kilichosalimika, hata vile vidogo.

"Mama, hii nini?"

"Baba yako sindano hawezi," akasema polepole, kana kwamba ni yeye aliyekamatwa anaiba. "Siku ya kwanza alizimia, akagonga kichwa kwenye kabati. Akanisihi nisimwambie mtu. Fundi mzima, watu wangemcheka."

"Kwa hiyo ukatoa damu yako?"

"Tunakula sahani moja, mwanangu. Chungu kimoja, sahani moja, miaka yote. Nikaona damu zetu zitalingana tu."

Akaniangalia akitaka nimkubalie. Na baba, bila kugeuka kutoka ukutani, akasema, "Hata mimi niliona hivyo."

Hapo ndipo nilipopasuka. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waliinuka kutazama, na wakatazama. Nikamuuliza, "Baba, umewahi kupima nyumba ya jirani ukaenda kukatia mbao za nyumba nyingine?" Akavuta shuka hadi kidevuni. "Nakuuliza wewe fundi, umewahi?" Akasema hapana. "Mbao unapima mara mbili ndipo ukate, mke wako humpimi hata mara moja. Unamtoboa yeye kila asubuhi, unatoka unatutangazia. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu!" Nesi akaniambia nipunguze sauti. Nikamwambia sauti hii nimeirithi kwa mgonjwa wake.

Daktari hakuingilia. Alipoona nimeishiwa pumzi, akasema kwa upole neno ambalo kwa makelele yangu yote nilikuwa sijalifikia.

"Mashine yenu nesi ameilinganisha na ya kwetu kwa damu tuliyomtoa mzee, ni nzima. Baba yako yuko salama, tutampunguzia dawa. Lakini kumi na tano hizi ni za mtu, na mtu huyo amekaa hapa."

Nikamtazama mama. Maji ya mtungi mzima, ngazi, uzi na sindano. Kila asubuhi kwa zaidi ya mwaka ugonjwa wake ulitangazwa kwa sauti kubwa sebuleni kwetu, na sote tukamwonea huruma mtu mwingine. Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwetu alificha baba, akaumbuka mama.

Nilimpeleka maabara mwenyewe. Mtaalamu alikuwa ameandaa chupa ndogo, ya kifuniko cha zambarau na ya kifuniko chekundu, anafunga mpira kwenye mkono wa mama. Mama akamnyooshea kidole.

"Hapana, mama, leo tunachukua kwenye mshipa."

"Haya. Hii nayo ni ya Fundi?"

"Ni ya kwako."

Mama akanigeukia. "Yangu ya nini? Mimi siumwi."

Nilitoka nje nikapiga ukuta teke, nikaumia kidole cha mguu, nikarudi nikichechemea hadi pembeni yake.

Majibu yalikuwa mabaya pande zote. Sukari kumi na nne, na tangu asubuhi hajala kitu. Damu chache, nusu tu ya inayotakiwa na kidogo juu yake, na akiba ya madini ya chuma mwilini imekauka kabisa. Mtaalamu wa maabara alieleza kwamba upungufu ule unaweza kukivuruga hata kile kipimo cha miezi mitatu, ndiyo maana walipima sukari kwa njia zote mbili, na zote zikasema lilelile. Daktari akamuuliza mama maswali. Je, anatafuna vitu visivyo chakula, barafu, udongo? "Mchele mbichi," mama akajibu kwa aibu. Daktari akasema ni mwili huo unaotafuta chuma, unakosa pa kukipata. Nyama anakula? Mama akasema wanakula, kila Jumapili. "Anakula baba," nikasema mimi.

Kisha akamtia dawa machoni, akamulika ndani kwa muda mrefu. La kushoto limeanza kuvuja damu kwa nyuma. La kulia bado linaokoleka, sukari ikishuka, damu ikiongezeka, na asikose kliniki hata mara moja. "Na huko nyumbani," daktari akanitazama mimi, "ale. Huyu mama anakula mabaki." Alisema hivyo kwa ukali, nikampenda.

Shangazi alipofika na chupa ya uji alikuta nimeshamaliza kulia. Nikampa habari yote. Akasema, "Lakini mume na mke ni mwili mmoja. Na siri ya ndani ni ya kwao." Nikamwambia, "Shangazi, kama ni mwili mmoja, mbona jicho linapofuka la mmoja?" Na uji wake sikuupokea.

Nikubali kwamba baba alilia. Alimshika mama mkono, akavitazama vile vidole kimoja kimoja, akasema amekosa, hatarudia, akasema mbele ya daktari, mbele ya dada yake. Nesi alimpima hapohapo, baba amefumba macho, anaimba wimbo wa kanisani wa mazishi, na hakufa. Mama alimsifu kama mtoto aliyetembea hatua ya kwanza. Hata mimi nusura nicheke.

Tulirudi nyumbani. Nikanunua mashine ya pili. Asubuhi wakajipima mezani, mlango wazi, kila mmoja na damu yake. Mama hakuliona vizuri tone lake kulifikisha kwenye kijiti, ikabidi baba amshike mkono. Akasoma namba, kwa mazoea akavuta pumzi ya kutangaza. Nikamkazia macho. Akasema kwa sauti ndogo, "Kumi na mbili. Ya mke wangu."

Mchana nilipika mwenyewe. Maini, mboga za majani, maharage, wali kidogo. Ile sahani ya bati yenye maua ya bluu niliifungia kabatini, ufunguo nikauvaa shingoni. Nikapakua sahani mbili mezani, ya baba na ya mama, nikaweka vipande vya maini kwenye ya mama, vikubwa, kwa sababu ndivyo daktari alivyosema, nikamweleza baba kwa nini. Akaitikia kwa kichwa. "Haki kabisa," akasema. Nikaenda jikoni kuleta maji ya kunywa.

Niliporudi niliwakuta wanazungumza habari za paa la jirani, linalovuja. Mama alikuwa anasikiliza, uso umeelekea kwa baba, na huku anasikiliza mkono wake unachambua ini. Ulitenga kipande, ukakinyanyua, ukakivusha juu ya meza kutoka sahani hadi sahani. Na baba, bila kukatisha maneno yake kuhusu mabati, akaisogeza sahani yake mbele kukipokea.

Hakuna aliyeona kitu. Hilo ndilo lililonikata maini. Kama angekuwa amempokonya ningejua la kufanya.

"Baba," nikasema. "Rudisha."

Alinitazama, akakitazama kipande. Alikuwa ameshakiuma.

"Mwache ale, mwanangu," mama akasema, jicho lake moja likinitafuta mlangoni. "Ametoka kuumwa."

Niliweka jagi chini. Nikalichukua ini lililobaki kwenye sahani ya baba, lote, nikalirudisha kwa mama. Nikabeba kiti changu, nikakitia katikati yao, mguu wa kiti ukamkanyaga baba, nikakaa. Ndipo ninapokaa mpaka leo, kila mlo, na kila mlo mkono wa mama unanigonga ubavuni.